Kutoka wodini Mtwara hadi shahada ya uuguzi: mwongozo kamili wa kozi ya mkato kwa mwenye stashahada

Wiki ya kwanza ya chuo mwalimu alituuliza swali jepesi: kwa nini mjamzito wa miezi ya mwisho tunamlaza ubavu wa kushoto? Darasa zima tulikuwa wauguzi wazoefu. Mimi nilitoka Mtwara na miaka tisa ya wodi ya wazazi, na wanawake niliowageuza ubavu huo siwezi kuwahesabu. Nikanyoosha mkono kwa kujiamini nikasema, "Ili mtoto apate hewa." Akaniuliza, "Hewa inapitia wapi?" Nikakaa.

Jibu ni kwamba mfuko wa uzazi ukiwa mzito huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, vena kava ya chini, ambao uko kulia kwa uti wa mgongo. Mama akilala chali, damu inayorudi moyoni hupungua, presha hushuka, na kondo la nyuma hukosa damu. Ukimgeuza kushoto, uzito unauondokea mshipa. Mkono wangu ulijua jambo hilo kila siku ya kazi. Kichwa hakikuwahi kuulizwa.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu ndiyo kozi yote kwa ufupi. Kozi ya mkato imekatwa mahali, na imekatwa pale wanapodhani tayari unajua. Hawatakufundisha kutoga mshipa wala kupokea mtoto. Watakuuliza sababu, tena kwa Kiingereza, tena kesho asubuhi. Anayeingia akidhani uzoefu utambeba anaanguka mapema kuliko kijana aliyetoka kidato cha sita, maana kijana anajua kwamba hajui. Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yanazunguka jambo hilo.

Hatua ya kwanza: jua unaomba nini

Shahada ya kwanza ya uuguzi hapa Tanzania kwa kawaida ni miaka 4, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Muuguzi mwenye stashahada ana milango miwili. Anaweza kuingia kwenye miaka hiyo hiyo 4 kwa sifa linganishi, au akatafuta mpango mfupi uliotengenezwa kwa waliokwisha kusajiliwa. Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar es Salaam kimejulikana kwa miaka mingi kwa mpango wa namna hii, ambapo muuguzi husoma huku akiendelea na kazi. Ukisoma mitandaoni kuhusu shahada ya uuguzi ya miezi 12 hadi 18, hiyo ni habari ya Marekani, kwa watu wenye shahada ya fani nyingine. Usije ukaomba ruhusa ya mwaka mmoja kazini kwa sababu ya video uliyoiona.

Kabla hujapenda jina la chuo, fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka unaoomba, upande wa waombaji wenye stashahada. Tazama kama programu imo, inachukua muda gani, na inadai nini. Kwa miaka ya karibuni kiwango cha chini cha GPA, yaani wastani wa alama, ya stashahada kimekuwa 3.0, lakini chuo kina haki ya kudai zaidi, na vingi vya afya hudai zaidi. Tazama pia masomo ya kidato cha nne: Biolojia, Kemia na Fizikia ndiyo yanayowakwamisha wengi wetu. Kama Kemia yako ni F, usipoteze ada za maombi. Jisajili NECTA, Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, ufanye mtihani Novemba, matokeo hutoka Januari, na dirisha la udahili hufunguliwa katikati ya mwaka. Ndiyo maana nasema maandalizi ni mwaka mzima. Miezi miwili haitoshi.

Halafu kuna AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada. Bila hiyo mwenye stashahada haombi. Iombe mapema, maana kama chuo ulichosoma hakikuwasilisha matokeo yako sawasawa, utakuwa na kazi ya kufuatilia.

Na hapa nitasema jambo la kwetu kusini ambalo miongozo ya Dar haina: majina. Wengi wetu tulipewa jina utotoni, tukapewa jingine baada ya jando au unyago, na mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alilolisikia. Sasa cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha kidato cha nne la pili, leseni la tatu. Panga vyeti vyako vyote mezani leo usome herufi kwa herufi. Kama havifanani, nenda kwa wakili au mahakamani upate kiapo, au usajili hati ya kubadili jina. Kazi hiyo ifanyike sasa, ungali na muda. Ukiigundua usiku wa mwisho wa dirisha, imekula kwako.

Hatua ya pili: barua ya ruhusa

Kama wewe ni mtumishi wa halmashauri, safari ya barua inaanzia kwa inchaji wako, msimamizi wa wodi, inapita kwa muuguzi mkuu wa wilaya na Mganga Mkuu, inafika kwa Mkurugenzi. Uwe umethibitishwa kazini, na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mpango huo huandaliwa kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa hiyo anayekumbuka ruhusa baada ya kupata chuo mara nyingi amechelewa. Ukifanya kazi hospitali ya misheni, mazungumzo ni mengine: huenda wakakusaidia ada kwa mkataba wa kurudi kuwatumikia miaka kadhaa. Usome mkataba huo kwa makini, hasa mstari unaosema utalipa nini ukiondoka kabla ya muda.

Barua yangu ya kwanza ilipotea kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Miezi mitatu naambiwa "inafanyiwa kazi". Siku niliyokwenda mwenyewe, haikuwa kwenye daftari la kupokelea. Tangu hapo sitoi karatasi ya serikali bila nakala yangu kugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Na usiondoke kwa ruhusa ya mdomo, hata kama bosi ni shemeji yako. Bosi akihamishwa, anayekuja anakukuta mtoro kazini, na utoro kwenye utumishi wa umma unaondoa watu kazini.

Wakati huo huo hakikisha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni hai hadi ndani ya kozi. Chuo kitaiomba, na wodi ya mazoezi pia.

Hatua ya tatu: fedha, na kalenda ya korosho

Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji asiwe na ajira rasmi inayomwingizia kipato. Kwa mtumishi mlango huo umefungwa, kwa hiyo hesabu zako ziwe za mshahara, SACCOS, vikoba na shamba.

Shamba lina shida yake. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na awamu ya kwanza ya ada hutakiwa pale pale mlangoni. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, lakini korosho zako hazigeuki pesa siku unayoziokota. Zikaushwe, zipelekwe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zisafirishwe ghala kuu, mnada ufanyike kwa chama kikuu cha ushirika, TANECU au MAMCU au Lindi Mwambao au RUNALI, kisha malipo yashuke hadi kwenye akaunti yako. Kama mikorosho yako huchelewa kuzaa, malipo yanaweza kukukuta katikati ya muhula. Maana yake ada ya mwaka wa kwanza lipa kwa korosho za msimu uliopita. Ziweke akaunti usiyoichezea, hata kama nyumba inadai bati.

Asikushawishi mtu kuuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, mwezi wa saba ili ulipe ada mwezi wa kumi. Nimeona muuguzi mwenzangu akiuza msimu mzima shambani kwa bei ya kutupa, na mwaka wa pili akakosa ada yenyewe. Bora ukope SACCOS kwa riba unayoijua. Nenda pia ofisi ya fedha ya chuo kabla ya kufungua, uombe kulipa kwa awamu, na upewe jibu kwa maandishi.

Kwenye bajeti usisahau vitu vidogo vinavyouma: kompyuta mpakato hata kama ni ya mtumba, bando la intaneti, sare, nauli za kwenda hospitali za mazoezi, kuchapisha ripoti. Na michango. Ukiwa na mshahara kusini unaitwa kwenye unyago wa watoto wa ndugu hadi wa jirani wa ndugu. Mimi niliwaita wazee wa ukoo kabla ya kuondoka, nikawaambia kwa heshima kwamba kwa muda wa masomo nitachangia misiba tu, sherehe wanisamehe. Mjomba mmoja alinuna. Wengine walielewa kuliko nilivyotarajia.

Hatua ya nne: wiki nane za daftari la "kwa nini"

Hapa ndipo nataka ukae.

Nunua daftari la kurasa nyingi. Kila zamu chagua jambo moja ulilolifanya kwa mkono bila kufikiri, uandike juu ya ukurasa: kwa nini? Ukifika nyumbani tafuta jibu kwenye kitabu cha fiziolojia au famakolojia, uliandike kwa maneno yako, sentensi tano au sita. Jambo moja kwa siku. Kwa wiki nane utakuwa na zaidi ya hamsini, na hizo hamsini ni nusu ya maswali ya mwaka wa kwanza. Nitatoa mifano minne uone namna inavyochimba.

Magineziamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Mkono unajua: gramu 4 kwenye mshipa polepole, gramu 10 kwenye msuli, tano kila tako. Unajua pia kugonga goti, kuhesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na kupima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kwa nini goti? Kwa sababu magineziamu huzuia kalsiamu isifanye kazi pale neva inapokutana na msuli. Ikizidi, kwanza refleksi za goti hupotea, baadaye ndipo misuli ya kupumua hulegea. Goti linakupa onyo kabla ya pumzi. Kwa nini mkojo? Kwa sababu dawa hii hutoka kwa figo; mkojo ukikauka inajikusanya mwilini. Kwa nini dawa ya kuiondoa ni kalsiamu glukoneti? Sasa unajijibu mwenyewe. Mambo matatu uliyoyakariri mbalimbali yamekuwa jambo moja.

Potasiamu kloridi. Tunajua haisukumwi moja kwa moja mshipani, na anayefanya hivyo anaua. Kwa nini? Potasiamu nyingi iko ndani ya seli. Ikizidi nje, tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli hupungua, msuli wa moyo unashindwa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na unasimama. Ukielewa hapo umeelewa pia kwa nini mgonjwa wa figo hufuatiliwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali. Wengi wetu tulikariri miligramu 2.4 kwa kilo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo. Kwa nini mtoto mdogo apewe zaidi kwa kila kilo? Kwa sababu kwa dozi ya zamani kiasi cha dawa kilichobaki kwenye damu yake kilikuwa kidogo kuliko cha mtu mzima. Fanya hesabu: mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42. Chupa ya miligramu 60 ikichanganywa kwa ajili ya mshipa inakuwa na miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo unavuta 4.2. Kwa msuli inakuwa miligramu 20 kwa mililita, unavuta 2.1. Aliyekariri 2.4 angempa mtoto huyo miligramu 33.6, na angeona amefanya kazi yake vizuri.

Patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Tulifundishwa kwamba uchungu wa hatua hai huanza sentimita 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa uangalizi wa uchungu uliotoka 2020 unaanzia 5, kwa sababu kabla ya hapo wanawake wengi hufunguka kwa kasi isiyofika sentimita moja kwa saa na bado wanajifungua salama. Huu wa mwisho ndio mgumu kwa mkongwe, maana unatakiwa kuachia ulichokijua. Mwenzangu mmoja alibishana na mwalimu wiki nzima juu ya hiyo sentimita moja. Alikuwa mkunga mzuri sana. Alipata swali hilo kwenye mtihani na akalikosa.

Pamoja na daftari, fanyia kazi Kiingereza. Wodini tunazungumza Kiswahili, na bibi wa Tandahimba akija tunahamia Kimakonde. Darasani utaandika insha ya kurasa kumi kwa Kiingereza. Kila siku soma ukurasa mmoja wa mwongozo wa matibabu kwa sauti, funga, andika muhtasari wa sentensi tano. Uwe mbaya, uandike tu. Jifunze pia kuchapa kwa vidole zaidi ya viwili na kuweka marejeo ya vyanzo kwa utaratibu wa chuo. Vyuo vina programu za kukamata kazi za kunakili, na desa, yaani kazi ya mwenzako ya kunakili, la mwaka juzi linalozunguka kwenye WhatsApp limeshapita humo mara nyingi.

Hatua ya tano: kusoma darasani

Usisome kwa kurudia kurudia maandishi na kupaka rangi ya njano. Unahisi umeelewa kwa sababu macho yamezoea. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu wasome. Wengine walirudia kukisoma, wengine walikisoma kisha wakajijaribu kukikumbuka bila kukitazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka, na waliojijaribu waliwaacha mbali. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo: baada ya lekcha, jioni hiyo hiyo, chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka. Kisha fungua daftari ujaze palipopungua kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia siku ya tatu, ya saba, na wiki ya tatu. Kikundi kiwe cha watu watatu au wanne, na kila mmoja asimame afundishe mada. Kikundi cha watu tisa ni kijiwe.

Hesabu za dawa zifanye kila siku kama kupiga mswaki, kumi tu. Dripu: ujazo kwa mililita, zidisha kwa matone ya seti kwa mililita moja, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8 kwa seti ya matone 20: 1000 mara 20 ni 20,000, gawanya kwa 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Muuguzi wa miaka tisa hukadiria kwa jicho, na jicho lake mara nyingi liko sawa. Mtihani hauna safu ya jicho.

Takwimu na utafiti ndiko nilikopata sapu yangu ya pekee, yaani mtihani wa kurudia. Sikuelewa sampuli hadi nilipokumbuka ghala la AMCOS. Mpimaji wa ubora hakati korosho zote za ghalani. Anachota kidogo kutoka magunia ya juu, ya chini, ya pembeni na ya katikati, anazichanganya, anazikata, na kwa hizo chache anasema juu ya mzigo mzima. Akichota gunia la mlangoni tu, ambalo mjanja ameliwekea korosho nzuri, atadanganyika. Hiyo ndiyo sampuli yenye upendeleo. Akichota tena kesho atapata jibu linalotofautiana kidogo na la leo, na kile kipimo cha uhakika chenye namba mbili, ya chini na ya juu, kinasema jibu la kweli huenda liko kati ya wapi na wapi. Nilimweleza hivyo mwalimu siku ya kurudia mtihani, akacheka, akanipitisha. Tafuta mfano wa kwenu. Kama nyumbani ni wavuvi wa Mikindani, upo baharini.

Na mada ya utafiti wako ichague kutoka kwenye wodi yako, mapema, ndogo. Kibali cha maadili huchukua muda, na takwimu za kituo unachokijua zinapatikana kwa barua moja.

Hatua ya sita: mazoezi ya wodini

Utapangwa wodi chini ya muuguzi mwenye umri wa mdogo wako wa mwisho. Muite "dada" au "inchaji", uliza kabla ya kugusa. Usianze sentensi na "sisi kule Ligula", hospitali yetu ya Mtwara. Kila prosija uliyofanya, lokibuku, daftari la kumbukumbu za mazoezi, isainiwe siku hiyo hiyo kabla hujavua sare. Nimeona watu wakimtafuta msainiaji aliyekwisha hamishiwa Kigoma.

Ukifika wodini jiwekee swali moja la daftari lako umuulize daktari au mfamasia wa hapo. Wanapenda kuulizwa kuliko unavyodhani.

Zamu, usingizi na nyumba

Kama mpango wako unakuruhusu kuendelea na kazi, usikubali zamu ya usiku inayoishia asubuhi ya lekcha. Zungumza na anayepanga roster, mbadilishane na wenzako, ubebe Jumapili na sikukuu zao. Baada ya usiku lala kwanza, hata kwa muda wa saa tatu, kisha usome. Kusoma ukiwa umekesha ni kupoteza mafuta ya taa, na mgonjwa wa zamu inayofuata ndiye anayelipa.

Nyumbani kaa na mwenzi wako mkiwa na karatasi. Nani anapeleka mtoto kliniki, nani anapika, nani anapokea simu za ukoo. Mume wangu alikubali yote kwa mdomo, lakini ugali ulianza kupikwa siku tulipoandika. Mama mkwe alidhani nimekwenda likizo mjini, akaniletea mjukuu mwingine akae nami. Ilibidi nimpeleke chuoni aone. Alikaa nje ya maktaba kwa muda wa saa nne na kikapu cha ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, aliponiona natoka akasema tu, "Kumbe mnateseka." Mjukuu akarudi Newala.

Barabara nayo ina mambo yake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar upande wa Somanga, na Lindi na Mtwara tukabaki huku. Kama umekuja nyumbani kabla ya mitihani ya masika, rudi siku tatu kabla. Usipande basi la kuingia Mbagala usiku wa kuamkia mtihani.

Ukianza kuzama

Dalili ni mbili: umeacha kuhudhuria kikundi, au umeanza kusema "nitakomaa wiki ya mitihani". Siku hiyo hiyo nenda kwa mwalimu wa somo na karatasi uliyofeli, umuombe akuonyeshe alama zilipotea wapi. Sapu moja si aibu, ila sapu tatu zinakaribia kudisko, yaani kufukuzwa masomo, na mkeka wa sheria za mitihani wa chuo unaeleza mpaka uko wapi. Usome mwanzoni mwa mwaka. Ukiugua, au ukifiwa, andika barua ya kuahirisha kabla ya mtihani na uambatanishe ushahidi. Ukiileta baadaye huhesabiwa kama kisingizio.

Kurudi

Ukimaliza, usisubiri cheti chenye fremu. Omba transkripti na barua ya kuhitimu, peleka Baraza kwa usajili wa shahada, kisha peleka nakala zilizothibitishwa kwa mwajiri uombe kubadilishiwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kuwa Afisa Muuguzi. Mabadiliko hayo hutegemea ikama, yaani nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na bajeti, na bajeti ya mwaka unaoanza Julai huandaliwa miezi mingi kabla. Aliyewasilisha Novemba ana nafasi, aliyewasilisha Juni anasubiri mwaka. Mimi niliwasilisha tarehe 4 Novemba, nikiwa bado na vumbi la safari, nikasimama pale dirishani hadi yule kijana wa masjala alipoandika namba kwenye daftari na kunigongea muhuri kwenye nakala yangu.